Umbo Linaloonekana na Umbo Linalopimika: Uhakiki wa Jiometri ya Vigunduzi katika Programu ya Geant4

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu ya Geant4 inavyowakilisha maumbo changamani ya pande tatu, kuanzia vigunduzi vya fizikia ya chembe hadi mwili wa binadamu katika tibamnururisho. Hoja kuu ni kwamba ubora wa modeli ya jiometri umezoeleka kupimwa kwa mfanano wa macho, ilhali kazi ya modeli hiyo ni kujibu maswali ya umbali na kiasi cha maada. Mapokeo mawili yanalinganishwa: lile la kukata na kuunganisha maumbo ya msingi, na lile la kufunika uso kwa wavu wa pembetatu. Mifano imetolewa katika kigunduzi cha ATLAS kilichopo CERN na katika modeli za mwili zilizotolewa na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi.

Maneno muhimu: jiometri, kigunduzi, uigaji, wavu wa pembetatu, vokseli, tibamnururisho

Swali la chembe

Kabla kigunduzi cha fizikia hakijajengwa kwa chuma, risasi na silikoni, hujengwa kwanza kwa hesabu. Wanafizikia huandika maelezo ya kila bamba, bomba na waya, kisha huziachia chembe za kubuni zipite humo kwa mamilioni, ili waone zitakavyopoteza nishati, zitakavyotawanyika na zitakavyozaa chembe nyingine. Miongoni mwa programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni Geant4. Jina lake lilitungwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jiometri na ufuatiliaji. Mfumo uliotangulia, Geant3, uliandikwa kwa lugha ya Fortran na kutumika tangu miaka ya 1980. Geant4 iliandikwa upya kwa lugha ya C++ kupitia mradi wa RD44 ulioanza CERN mwaka 1994, ikatolewa kwa umma Desemba 1998. Msimbo wake uko wazi na hauna ada, nayo imekwisha kutoka katika maabara za Geneva hadi kwenye utafiti wa anga za juu na katika hospitali.

Wasilisho la modeli ya kigunduzi kwa kawaida huanza na picha. Kigunduzi hukatwa robo, sehemu zake hupakwa rangi mbalimbali, na msomaji huonyeshwa skrubu na nyaya kana kwamba amesimama mbele ya mtambo wenyewe. Picha hizo zina kazi yake, hasa ya kuombea fedha. Lakini zimelea kipimo kibaya: modeli huhesabiwa kuwa bora kadiri inavyofanana na kitu halisi machoni pa mtazamaji.

Chembe haina macho. Kinachotakiwa kwa kila umbo ndani ya Geant4 ni majibu ya maswali machache sana. Je, nukta hii iko ndani ya umbo, nje yake, au juu ya uso? Kutoka nje, kwa mwelekeo huu, umebaki umbali gani hadi kuingia? Kutoka ndani, umebaki umbali gani hadi kutoka? Ni umbali gani ulio salama kusafiri bila kujali mwelekeo? Na uso umeelekea wapi pale unapoguswa? Kuhusu umbali salama, kanuni ni kali: umbo linaruhusiwa kutaja umbali mdogo kuliko ule wa kweli, lakini haliruhusiwi kamwe kutaja mkubwa zaidi. Woga hapa ni fadhila. Likitaja mdogo, hesabu huchelewa tu. Likitaja mkubwa, chembe huvuka mpaka bila habari, ikapita ndani ya risasi huku ikidhani iko hewani.

Maswali hayo huulizwa tena na tena katika safari ya kila chembe. Umbo changamani, kwa mtazamo huu, ni lile ambalo majibu yake ni magumu kupatikana. Tufe ni rahisi kwa sababu swali la umbali huishia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili. Pete nene kama andazi lenye tundu ni rahisi kuchora lakini hudai mlinganyo wa kipeo cha nne, na makosa madogo ya tarakimu hukua humo.

Mapokeo ya kukata na kuunganisha

Njia ya kwanza inafuata akili ya fundi. Programu hutoa akiba ya maumbo ya msingi: mche mstatili, mcheduara, pia, tufe, piramidi iliyokatwa kichwa, na jamaa zao. Kutokana na hayo mtumiaji huunda mengine kwa muungano, kwa makutano au kwa kutoa umbo moja katika jingine. Bamba lenye tundu ni mche mstatili uliotolewa mcheduara. Geant3 haikuwa na uwezo huu. Ilikuwa na maumbo machache yaliyokwisha kuwekwa, na palipokosekana umbo mwafaka mtumiaji alilazimika kuruhusu miili miwili ipandane na kutamka ipi itangulie.

Juu ya akiba hiyo Geant4 iliweka mgawanyo wa ngazi tatu, nao ni uamuzi bora kuliko wowote mwingine katika sehemu yake ya jiometri. Kwanza kuna umbo tupu, lisilo na kitu ndani. Pili kuna mwili, yaani umbo lililopewa maada. Tatu kuna uwekaji, yaani mwili huo ukiwa mahali fulani na umeelekea upande fulani. Kipande kimoja cha silikoni huelezwa mara moja na kuwekwa mara elfu. Akirekebisha unene wake mahali pamoja, mtafiti amerekebisha vyote. Kiswahili kinaupokea mgawanyo huu bila taabu, kwa kuwa umbo, mwili na mahali ni maneno ambayo mzungumzaji tayari hayachanganyi.

Fadhila kubwa ya mapokeo haya ni kwamba maelezo hubaki na sababu ya umbo. Msomaji anayekuta mcheduara wa kipenyo kadhaa uliotolewa katika bamba la unene kadhaa anaweza kukokotoa ujazo kwa kalamu na kuulinganisha na mchoro wa mhandisi. Mhakiki wa kazi hiyo hahitaji kuamini, anaweza kukagua.

Hata hivyo, mtego upo. Kwa chaguo-msingi, uso wa umbo katika Geant4 huhesabiwa kuwa na unene wa bilioni moja ya milimita. Mtumiaji anapotoboa bamba kwa mcheduara wenye urefu uleule wa unene wa bamba, nyuso za maumbo mawili hulala pamoja, na programu haina njia ya uhakika ya kuamua kama pale mdomoni pa tundu kuna maada au hakuna. Hubaki kama utando usio na unene. Dawa yake ni ile aijuayo kila atobowaye ubao: keekee lazima itokeze upande wa pili. Mwongozo wa Geant4 unaonya juu ya nyuso zilizolala pamoja, lakini programu yenyewe huupokea utando huo bila kulalamika.

Kasoro ya pili ni kina. Umbo lililotokana na hatua arobaini za kukata huwa mti wa maswali: kila nukta inayoulizwa hushuka kwenye matawi, na jibu la juu hungoja majibu ya chini. Geant4 baadaye ilipata umbo la muungano wa wengi linalogawa nafasi katika visanduku ili kupunguza maswali, na hilo lilisaidia upande wa muungano. Anayetoa matundu mia moja mojamoja bado hulipa gharama.

Akodiani ya ATLAS

Mfano unaoonyesha mpaka wa mapokeo haya ni kalorimita ya agoni kiowevu katika kigunduzi cha ATLAS. Mabamba yake ya risasi, yaliyovikwa feleji isiyoshika kutu, yamekunjwa kwa mawimbi kama mivukuto ya akodiani ya wapigaji taarabu. Mkunjo huo una sababu: chembe inayotoka katikati haipati ufa wa kupenya bila kupimwa, popote itakapoelekea kuzunguka mhimili. Kila nusu ya pipa ina mabamba 1024. Katika kila sehemu ya mwisho kuna gurudumu la nje lenye mabamba 768 na la ndani lenye 256.

Kwenye pipa mkunjo unaelezeka kwa vipande vya bapa na matao. Kwenye magurudumu ya mwisho mambo yanaharibika, kwa kuwa pembe na kimo cha mawimbi hubadilika kadiri mtu anavyosogea mbali na mhimili. Hakuna mche wala mcheduara utakaokatwa ukatoa bamba hilo kwa hatua zinazovumilika. Watunzi wa modeli ya ATLAS walichukua njia ya tatu: waliandika umbo lao wenyewe. Umbo hilo halina orodha ya nyuso. Linapoulizwa umbali, hukokotoa umbali wa nukta hadi uso wa katikati wa bamba lililokunjwa, kisha hutazama nusu ya unene.

Kazi hiyo inastahili sifa. Ni modeli iliyojikita katika swali la chembe badala ya picha, na kanuni ya mkunjo imo ndani yake waziwazi. Lakini sifa hiyo iambatane na hesabu ya gharama. Sehemu hiyo imekuwa miongoni mwa zinazokula muda mwingi wa kompyuta katika uigaji wa ATLAS. Zaidi ya hapo, umbo lililoandikwa kwa ajili ya kitu kimoja hutunzwa na watu wachache wanaolielewa. Wakistaafu, hubaki msimbo ambao kila mtu anautumia na hakuna anayethubutu kuugusa. Wasimamizi wa miradi midogo wanaotamani kuiga njia hii wajiulize kwanza kama wana watu wa kukaa na msimbo huo kwa miaka ishirini.

Wavu wa pembetatu

Wahandisi hawachori kwa mapokeo ya akiba ya maumbo. Programu zao za usanifu huhifadhi nyuso zilizopinda pamoja na kingo zake. Geant4 ya mwanzo ilikuwa na aina ya miili iliyokusudiwa kupokea nyuso za namna hiyo moja kwa moja. Haikustawi, na baadaye iliondolewa. Kilichobaki kama daraja ni wavu: uso mzima wa kitu hufunikwa kwa pembetatu au pembenne bapa, na programu hupokea orodha ya vipande hivyo kuwa umbo moja. Umbo hilo la wavu liliingia Geant4 kupitia kazi iliyofadhiliwa na Shirika la Anga la Ulaya, ambako mahitaji yalikuwa dhahiri: chombo cha anga kina maumbo mengi yasiyo na kanuni.

Wavu unavutia kwa sababu hauulizi chochote kuhusu umbo. Hapo hapo ndipo tatizo lake lilipo. Uchukuliwe mfano mmoja, bomba la berili lililozunguka mahali pa mgongano katika ATLAS wakati wa kipindi cha kwanza cha LHC, lenye nusukipenyo cha ndani cha milimita 29 na unene wa milimita 0.8. Kwa mapokeo ya kwanza bomba hilo ni mstari mmoja wa maandishi. Likigeuzwa kuwa wavu wenye bapa 36 kuzunguka, na kona za uso wa nje zisipolingana na kona za uso wa ndani, ukuta hupungua mahali pengine hadi takriban milimita 0.69, yaani pungufu kwa asilimia 14. Likigeuzwa kwa bapa 12, katikati ya bapa la nje huangukia milimita 28.8 kutoka kwenye mhimili, ndani zaidi ya kona za uso wa ndani zilizoko kwenye 29. Ukuta umetobolewa. Kwenye skrini bado linaonekana bomba, na pengine zuri.

Kitu kigumu kisicho na uwazi hudhurika kwa namna nyingine. Mcheduara uliofanywa kuwa mche wa pande 36 ndani ya duara lake hupoteza asilimia 0.5 ya ujazo. Wa pande 12 hupoteza asilimia 4.5. Asiyepima uzito hatagundua. Tena faili za pembetatu za namna ya STL hazibebi maada wala vizio, hivyo milimita hugeuka sentimita kwa uzembe wa mtu mmoja. Dawa ya kuongeza pembetatu ipo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mgawanyo wa visanduku umezifanya nyavu kubwa ziende kwa kasi inayovumilika. Ila kila pembetatu iliyoongezwa ni hatua moja mbali na msomaji. Orodha ya pembetatu laki mbili haikaguliki na mhakiki yeyote; hata aliyeitengeneza hawezi kusema kwa kuitazama kama kifaa kina tundu pale panapostahili.

Maada iliyosahauliwa

Je, umbo tata ndilo chanzo kikuu cha makosa ya modeli? Ushahidi wa ATLAS unaelekeza kwingine. Mwaka 2014 tabaka jipya la silikoni liliingizwa karibu kabisa na mahali pa mgongano, kwenye nusukipenyo cha takriban milimita 33, pamoja na bomba jembamba zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa ATLAS walichapisha ukaguzi wa modeli yao kwa kutumia migongano halisi ya mwaka 2015: walitazama mahali chembe zilipogonga viini vya maada, mahali fotoni zilipogeuka jozi za elektroni na positroni, na namna mapito ya chembe yalivyoendelea au kukatika kati ya sehemu moja na nyingine. Kwa njia hiyo kigunduzi kilijipiga picha chenyewe, na maelezo ya bomba na ya tabaka jipya yakaboreshwa kutokana nayo.

Kinachofundisha ni aina ya swali lililoulizwa. Ukaguzi ulitafuta kiasi cha maada na mahali ilipo. Gundi, viunganishi, nyaya na kiowevu cha kupoozea havina maumbo ya kujivunia. Hakuna anayeviweka kwenye picha ya jalada. Lakini vina uzito, na chembe hulipa ushuru kwa kila gramu. Modeli iliyojaa mikunjo sahihi huku imesahau gundi ni mbaya kuliko ile iliyoweka mche mstatili mmoja wenye wastani sahihi wa maada. Mafundi wa modeli wanalijua jambo hili. Tabia ya kuwasilisha matokeo kwa picha ndiyo inayolificha.

Mwili wa binadamu

Kwa wasomaji wa ukanda huu, mahali ambapo jiometri hii inagusa maisha ni tibamnururisho. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali zina vituo vya tiba hiyo, na mfumo wa GATE, uliojengwa juu ya Geant4 na kutolewa bure, unapatikana kwa mwanafunzi yeyote wa fizikia ya tiba mwenye kompyuta ya wastani. Hapo umbo changamani huwa ni mgonjwa.

Mapokeo ya kukata na kuunganisha hayana la kusema mbele ya ini. Njia ya kwanza ilikuwa kugawa mwili katika visanduku vidogo, vokseli, vinavyotokana na picha za skana. Mwaka 2009 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, katika chapisho lake namba 110, ilitoa modeli mbili rejea za watu wazima za namna hiyo. Vokseli ya mwanamume ina upana wa milimita 2.137 kila upande na kimo cha milimita 8. Visanduku ni vyepesi kwa programu, kwa kuwa swali la umbali ndani ya kisanduku ndilo rahisi kupita yote. Lakini tabaka la ngozi lenye seli zinazodhurika na mionzi liko kati ya mikromita 50 na 100 chini ya uso. Kisanduku cha milimita 8 hakiwezi kulisema tabaka hilo, kinalimeza.

Mwaka 2020, katika chapisho namba 145, Tume ilitoa modeli mpya za wavu. Huenda ikaonekana kuwa hoja ya sehemu iliyotangulia inavunjika hapa, kwa sababu wavu ndio ulioshinda. Inafaa kutazama ni wavu wa aina gani. Kwa ajili ya uigaji, mwili mzima hujazwa piramidi ndogo za nyuso nne, zaidi ya milioni 8 kwa kila modeli, kila moja ikiwa na maada yake na kila uso ukigusana na jirani. Hakuna ukuta unaoweza kutobolewa na bapa la jirani, kwa maana bapa ni lilelile kwa wote wawili. Piramidi ya nyuso nne hujibu swali la umbali karibu kwa wepesi wa kisanduku. Zaidi ya hayo, uzito wa viungo katika modeli hizo umelinganishwa na thamani rejea za Tume yenyewe, ukiwemo mchango wa damu. Mwili hauna kanuni ya mkunjo ambayo wavu ungeificha, na palipokuwa na hatari ya kupoteza maada pamewekwa mizani. Wavu uliofaulu ni ule uliopimwa kwa kipimo kilekile kinachodaiwa katika makala haya.

Ukaguzi unaoweza kudaiwa

Chumba cha tibamnururisho kina kuta nene za zege, njia iliyopinda mlangoni na mirija ya nyaya inayopenya ukutani. Mshauri anapowasilisha kwa mamlaka hesabu za uigaji zinazoonyesha kuwa mhudumu aliye nje yuko salama, mara nyingi kiambatisho ni picha ya chumba na jedwali la dozi. Mrija mmoja wa nyaya uliosahauliwa hauonekani kwenye picha hiyo, wala zege ya modeli iliyopewa msongamano usio wake.

Kuna kasoro nyingine ambayo Geant4 yenyewe inastahili kulaumiwa kwayo. Miili miwili ikipandana, programu haikatai. Chembe iliyo katika eneo la mpandano huhesabiwa kuwa ndani ya mwili utakaopatikana kwanza, na matokeo hutoka yakiwa na sura ya kawaida. Chembe ikikwama kwa hatua 10 bila kusonga, husukumwa kidogo. Ikifikisha 25, huachwa, na onyo huzama katika maelfu ya mistari ambayo hakuna anayeisoma. Ukaguzi wa mpandano upo, lakini kwa chaguo-msingi umezimwa wakati wa kuweka miili. Ukiwashwa, hutupa nukta 1000 juu ya uso wa mwili na kuuliza kama yoyote imeangukia pasipofaa. Kwa ukuta wa mita sita, nukta 1000 zinaweza kuukosa mpandano wa upana wa kidole. Watunzi wana sababu, kwani ukaguzi wa kina huchukua muda na kigunduzi kikubwa kina mamilioni ya miili. Sababu hiyo haina uzito kwa chumba kimoja cha hospitali chenye miili mia mbili, na chaguo-msingi lilipaswa kuwatazama watumiaji hawa pia, ambao sasa si wachache.

Kwa hiyo wanaohariri majarida na wanaoshauri mamlaka za kudhibiti mionzi wana mambo matatu ya kudai, na yote yamo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa shahada ya umahiri. La kwanza ni faili ya jiometri katika lugha ya GDML, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayofunguka bila leseni. La pili ni jedwali la uzito wa kila sehemu kama modeli inavyoukokotoa, likiwa bega kwa bega na uzito uliopimwa au ulioandikwa na mtengenezaji. La tatu ni ripoti ya mpandano inayotaja idadi ya nukta zilizotumika, na kwa kuta kubwa idadi hiyo iwe makumi ya maelfu. Pale ambapo sehemu yoyote imetokana na wavu, itajwe idadi ya bapa na tofauti ya ujazo kati ya wavu na mchoro wa awali. Faili hizo ni ndogo kiasi cha kutumwa kwa baruapepe, na picha ya chumba inaweza kuendelea kubaki ukurasa wa kwanza.